Kadi ya Kliniki Isiingie Kabatini

Wazee wetu, shikamooni. Bibi mliokuja na wajukuu mgongoni, akina mama, akina baba mlioacha shughuli za Jumamosi, na nyinyi vijana mnaolea wadogo zenu, karibuni.

Tuanze na kitu ambacho kila mama hapa anakijua: kadi ya kliniki. Mtoto akizaliwa, kadi hutunzwa kama hati ya kiwanja. Inavishwa mfuko isilowe, inabebwa wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mwezi wa 9 mtoto anachomwa sindano ya surua na rubela, mama anashusha pumzi, na kadi inaingia kabatini. Dozi ya pili ya surua na rubela ni ya miezi 18, na hapo ndipo watoto wanapoanza kupotea. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, tangu mtoto ana miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5. Dawa ya minyoo huanza akitimiza mwaka. Hayo nayo husahaulika.

Na kinachoingia kabatini siyo kadi peke yake. Jicho la mzazi linaingia pamoja nayo. Mtoto akitembea tunasema amekua. Akianza darasa la kwanza tunamwachia mwalimu. Akibalehe tunashtuka, tunamrudia na fimbo mkononi, na tunamkuta keshajifunza kutuficha. Leo tutapita umri kwa umri, lakini tutakaa zaidi kwenye hayo mapengo, maana huko ndiko watoto wanakoumia.

Siku za mwanzo tuzipite haraka, wengi mnazijua. Titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na yale maziwa mazito ya njano yasimwagwe, ndiyo kinga yake ya kwanza. Anyonye kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukihesabiwa. Maji hapewi mpaka afikishe miezi 6, hata joto la Dar likiwaje, kwa sababu maziwa yenyewe yana maji ya kumtosha. Kitovu kiachwe kikavu na wazi. Usipake majivu, mafuta, wala samadi. Mama anayerudi kazini akamue kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, na yaliyokaa nje ya friji yasizidi muda wa saa 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, kwa sababu chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha, na ndiyo njia kubwa ya kuharisha.

Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, aliyechemka au kupoa kuliko kawaida, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye manjano mpaka viganjani na nyayoni, au mwenye wekundu au usaha kitovuni, huyo hasubiri kesho. Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima, ukiangalia tumbo linavyopanda. Akifika miezi 2 kikomo ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Akifikia hapo huku anakohoa, inaweza kuwa nimonia, na nimonia haisubiri dawa ya kuulizia dukani.

Sasa kuna mambo ambayo majirani watakushauri kwa nia njema kabisa. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kuchemka, mtu atamfunua mdomo, aone ufizi umevimba na weupe ndani yake, aseme ana meno ya plastiki. Wapo wanaoyachimbua kwa msumari. Ule weupe ni vichipukizi vya meno ya utoto, mara nyingi chonge, yanayojiandaa kuota. Ukivichimbua mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au sumu kuingia kwenye damu, na kile kilichomfanya aharishe kimebaki palepale tumboni. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni vilevile: kikohozi kiko kifuani, kisu kiko kooni.

Na degedege. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, mlaze ubavu mahali ambapo hataanguka, mlegezee nguo, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote, kwa sababu hawezi kumeza na kitaingia kwenye mapafu. Kisha hospitali, hata kama imekwisha yenyewe, akapimwe malaria na homa ya uti wa mgongo. Ikipita dakika 5 haijaisha, mbebeni ikiwa bado inaendelea. Kumfukiza moshi kunamkosesha hewa wakati ambapo tayari hewa haimtoshi. Wengine huogopa kwamba akichomwa sindano atakufa. Wanaokufa mara nyingi ni wale waliofikishwa wakati sindano imechelewa.

Tuje kwenye pengo la kwanza, miezi 6 hadi miaka 2. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Tunaposema kudumaa hatusemi njaa ya kulala bila kula. Kuna watoto wengi waliodumaa katika mikoa inayovuna ndizi na mahindi kwa wingi. Tatizo ni kilichomo kwenye bakuli, ni mara ngapi bakuli linakuja, na kuharisha kunakojirudia.

Akitimiza miezi 6 anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu ya kikombe cha robo lita, mara 2 au 3. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4, na kitu kidogo cha katikati. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na vitafunwa mara 1 au 2. Titi linaendelea mpaka miaka 2 na zaidi. Uji uwe mzito. Ukichota kijiko na kukiinamisha, ukimiminika kama chai, huo ni maji ya moto yenye rangi. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji hakuna nafasi ya chakula.

Kuhusu unga wa lishe tuseme wazi, kwa sababu pesa nyingi inapotea hapo. Mama anakwenda mashineni na mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, uwele, soya, karanga, na mbegu za maboga, akiamini kwamba vikiwa vingi ndiyo lishe imekamilika. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano na uwele vyote ni kundi moja, ni nafaka. Nafaka sita haziongezi zaidi ya nafaka moja au mbili. Soya isiyoivishwa ina kitu kinachozuia tumbo kutumia protini, kwa hiyo lazima ichemshwe, ikaushwe, ikaangwe, ndipo isagwe. Karanga na mahindi yaliyokaa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Karanga zikishachanganywa na kukaa miezi kwenye ndoo ya unga, hutaona ukungu wake.

Fanya hivi: saga nafaka moja au mbili peke yake. Karanga nunua kidogo, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu uzitupe, kaanga, saga za siku chache. Uji ukishaiva, weka kijiko kimoja cha chakula cha karanga au maziwa ndani ya bakuli lake. Na uji usiwe kila mlo. Ugali laini au viazi vilivyopondwa, na dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, na mchicha uliokatwa vidogo sana, na mafuta kijiko cha chai. Yai lililoiva vizuri halimfanyi mtoto awe mwizi, wala halimcheleweshi kusema. Parachichi, papai, boga, maharage yaliyopondwa pamoja na maganda yake. Asali asubiri mwaka mmoja utimie, maana inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Awe na bakuli lake mwenyewe. Mtoto anayekula sinia moja na kaka zake hujui amekula tonge ngapi.

Hapa panatakiwa pasemwe neno zito. Mtoto akikonda, nywele zikawa nyepesi na nyekundu, miguu ikavimba, mtaani wanasema amebemendwa: kwamba wazazi walikutana kimwili, au mmoja alitoka nje ya ndoa, kabla mtoto hajaacha ziwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mtu aliyetoka nje hawezi kumdhoofisha mtoto kwa kumshika. Yule mtoto ana utapiamlo mkali, na ana tiba hospitalini. Kinachomuua ni aibu. Mama anamfunika kwa khanga, anapita njia ya nyuma, hafiki kliniki kwa kuogopa macho ya watu benchini. Mwingine anamwachisha ziwa ghafla ili kumwokoa, na hapo anamwondolea chakula bora alichobaki nacho. Wazee waliosema hivyo waliona kitu cha kweli, kwamba mimba ikija mapema mtoto aliye mkononi anaumia. Jibu la hilo ni uzazi wa mpango, angalau miaka 2 toka kuzaliwa mtoto kabla ya mimba nyingine, na baba ahusike kwenye uamuzi huo. Nyinyi bibi mna nguvu kuliko sisi katika jambo hili. Bibi akisema "mpelekeni mtoto kliniki, mama yake hana kosa", nyumba nzima inatii.

Akiharisha, paketi moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi na salama. Pima kwa chupa ya lita moja, usikadirie. Maji yakiwa machache chumvi inazidi na inamdhuru, yakiwa mengi haifanyi kazi. Yakipita saa 24, mwaga uchanganye upya. Vidonge vya zinki apewe siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Endelea kumlisha. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" ndiko kunakomwangusha.

Miaka 2 hadi 5 ni umri wa ajali na wa maneno. Jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, sufuria yenye mkono uliotokeza, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, ndoo ya maji ambayo mtoto akiinamia kichwa kinamzidi uzito. Panga nyumba upya kwa kupiga magoti: kila unachokifikia ukiwa hapo, naye anakifikia. Akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na unga wa ngano vinafungia joto ndani na vinaharibu kidonda. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa kuwa yakirudi kooni ndipo yanapoingia kwenye mapafu.

Maneno hayaji kwa runinga. Mtoto wa mwaka mmoja awe na neno moja au mawili, wa miaka 2 aunge mawili: "mama maji", "baba njoo". Asipofika hapo, apimwe masikio kwanza. Chini ya miaka 2 hana haja ya simu kabisa. Miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na kidogo kuliko hapo ni bora. Paukwa, pakawa, vitendawili, kuhesabu nyanya sokoni, kumtajia kila kiungo unapomwogesha: hivyo vinamjenga kwa sababu unasema, unasubiri, naye anajibu. Simu haimsubiri.

Atagaagaa chini dukani akitaka pipi. Hana ubaya, uwezo wa kuzuia hasira haujakomaa kichwani mwake. Chuchumaa macho yenu yalingane. Sema kwa sauti ya chini: "Najua unataka pipi. Leo hatununui. Utabeba mkate au utabeba nyanya?" Maneno machache, chaguo mbili, zote unazozikubali. Kosa linalorudiwa ni kukataa mara tatu na kukubali mara ya nne. Hapo amejifunza kwamba kilio cha nne ndicho chenye kazi. Na kofi linamnyamazisha bila kumwonyesha la kufanya siku nyingine.

Pengo la pili ni la shule. Akivaa sare tunapumua. Toka hapo tunauliza swali moja tu: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa 10 alfajiri kuwahi gari la shule, akarudi jioni, akaingia tuisheni, akalala saa 4 usiku, anasinzia darasani, na tunamwita mzito. Kabla ya kumlipia tuisheni, mpime macho na masikio, kisha hesabu saa zake za kulala.

Katika umri huu ndipo usalama wa mwili wake unapotakiwa kufundishwa. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Na mfanyaji mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani: ndugu, jirani, anayempeleka shule, anayemfundisha. Kumwonya mtoto dhidi ya "mtu usiyemjua" hakutoshi.

Tangu miaka 3 au 4 mfundishe majina halisi ya sehemu zake za siri, ili siku akisema, aeleweke. Mwambie sehemu hizo hazishikwi na mtu isipokuwa kwa kumsafisha au kumtibu, tena mzazi akiwepo. Mwambie nyumbani kwetu hakuna siri ya kumficha mama. Usimlazimishe kumkumbatia mgeni asiyemtaka, hata kama ni mjomba. Mwache asalimie shikamoo inatosha. Ukimlazimisha, unamfundisha kwamba mkubwa akitaka mwili wake, yeye hana neno. Mgeni asilazwe chumba kimoja na watoto. Na angalia mabadiliko: aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeogopa mtu fulani ghafla, mwenye pesa au zawadi zisizoelezeka, anayetembea kwa maumivu.

Akikuambia, kitu cha kwanza ni uso wako. Usipige kelele, usimuulize "kwa nini ulikwenda". Mwambie: "Nimekuamini. Siyo kosa lako." Usimwogeshe, usifue nguo zake. Zifunge kwenye gazeti au bahasha ya kaki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ushahidi unaoza. Mfikishe hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Matibabu yaanze mara moja, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe sambamba. Kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, pale kilipo, utamkuta daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya kutoa taarifa za watoto ni 116, haina malipo. Na msiyamalize kifamilia. Ng'ombe aliyepokelewa kama fidia anamwambia mtoto thamani yake, na mtenda anahamia kwa mtoto mwingine.

Kuhusu bweni, mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa hadi darasa la nne. Mtoto wa miaka 7 hana maneno ya kueleza yanayompata usiku, na hana wa kumweleza. Anayeweza kumlea nyumbani, amlee.

Halafu kubalehe. Wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 na 14. Kwa hiyo mazungumzo ya hedhi yafanyike akiwa na miaka 9, kabla ya damu. Msichana aliyeiona damu bila kuambiwa anadhani ameumia au anakufa. Mpe taulo za kike ziwe ndani ya begi tayari, mwonyeshe kuivaa. Ibadilishwe kila saa 4 hadi 6. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika juani. Tukivificha chini ya godoro kwa aibu, vinakauka nusu na kumletea muwasho na fangasi. Mwaka wa kwanza au wa pili siku zinaweza kuruka, ni kawaida. Na kadi itoke kabatini: chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, siku hizi dozi moja.

Unyago tuuseme kwa heshima. Somo na kungwi walikuwa walimu, na usafi na kujitunza walivyofundisha vinahitajika mpaka leo. Lakini binti wa miaka 12 aliyevunja ungo jana hafundishwi mambo ya kitandani ya mke. Hayo yasubiri ndoa yake. Utafiti ule wa 2022 ulionyesha wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kubeba mimba. Ikitokea, usimfukuze. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na aliyempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Mvulana tumemsahau zaidi ya wote. Zamani jando lilimtenga wiki kadhaa na wanaume wa kumfundisha. Leo anatahiriwa hospitalini akiwa mdogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na hakuna anayekaa naye tena. Sauti inakatika, anaota ndoto nyevu, anaamka akificha shuka. Baba asiposema, simu itamfundisha, na inachofundisha simu usiku hakina heshima kwa mwanamke. Baba, usimwite sebuleni kwa kikao. Tembeeni pamoja, au mtengeneze baiskeli, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama mbele. Mwambie ndoto nyevu ni dalili ya mwili kukua. Mwambie msichana akisema hapana, ni hapana. Kama hakuna baba, mjomba au babu abebe kazi hiyo kwa jina, siyo kwa kudhani.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, basi simu zote za nyumbani, ya mzazi ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Sheria za nyumba ziwe tatu au nne, zijadiliwe naye, na adhabu ijulikane kabla ya kosa. Jua mambo matatu kila anapotoka: yuko wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Akichelewa, kwanza mpe chakula, mazungumzo yawe asubuhi. Fuatilia pesa: mkeka wa kubeti huanza na mia tano ya nauli, na ukimwona anatembea kwa miguu kutoka shule, uliza. Akijifungia, akaacha kula na marafiki aliowapenda kwa wiki mbili, usiite ujeuri. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiumiza. Swali hilo halimpi wazo, linampa mlango. Akikujibu ndiyo, ondoa dawa na sumu ya panya ndani ya nyumba, usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo.

Tumebakiza muda wa maswali. Mwenye kadi aliyokuja nayo apite meza ya kushoto, muuguzi atamwonyesha kilichobaki. Mwenye swali asimame aulize. Na mwenye jambo asilotaka wengine walisikie, awe mzazi au mtoto, tutabaki chini ya ule mwembe mpaka saa 11 jioni, na tutazungumza na mmoja mmoja.